Kapsuli Zangu za Dhahabu Zinavuja: Je, Nihamie Platinamu Yenye Ukuta Mnene?

«Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa jiolojia kutoka Tanzania, na kwa sasa nafanya majaribio yangu katika maabara moja nje ya nchi. Nachunguza majivu ya nefeliniti (aina ya mwamba wa volkano) ya mlipuko wa Oldoinyo Lengai ulioanza mwaka 2007. Naweka miligramu 50 za unga wa majivu, miligramu 4 za maji na miligramu 7 za oksalati ya fedha, ambayo ni chanzo changu cha kaboni dayoksaidi, ndani ya kapsuli ya dhahabu yenye kipenyo cha milimita 3, naichomelea pande zote mbili, kisha naipasha hadi nyuzi 800 za Selsiasi kwa shinikizo la megapaskali 100 kwa siku 5. Shinikizo letu huletwa na maji. Kati ya kapsuli 8 za kwanza, 3 zilipungua uzito kwa miligramu 0.9 hadi 1.6 kabla hata ya kuingia katika chombo cha shinikizo, lakini nilizitumia hivyo hivyo. Moja ilitoka imevimba na kupasuka. Nyingine iliongezeka uzito kwa miligramu 0.6, nikadhani mizani imekosea. Mwenzangu alinipa kapsuli 1 ya platinamu yenye ukuta mnene. Hiyo haikubadilika uzito, lakini kioo kilichomo, yaani magma iliyoganda, kina chuma kidogo kuliko kioo cha kapsuli zangu 2 za dhahabu zilizofaulu. Je, nihamie platinamu? Na zile zilizovuja, naweza kuzihesabu kama majaribio ya hali kavu? Fedha za mradi zinakaribia kwisha.»

Marahaba, na pole kwa wiki hizo. Nakuhakikishia kwamba kapsuli 2 nzuri kati ya 8 za mwanzo si aibu. Wengi wetu tuliojifunza kazi hii tulianza na idadi ya namna hiyo, nami mwenyewe nilimaliza mwezi mzima wa kwanza bila kupata hata moja ya kuandikwa katika tasnifu. Nimefurahi pia kuona kwamba ulipima uzito kila hatua na ukaandika ulichokiona, hata pale ulipokishuku. Kwa sababu ya namba hizo naweza kukujibu kwa uhakika nikiwa mbali na meza yako.

Nikilisoma swali lako naona hofu moja kubwa: unadhani kapsuli zako ni dhaifu mno kulihimili shinikizo, na kwa hiyo dawa yake ni metali ngumu na ukuta mnene. Hapo ndipo tuanzie, kwa kuwa dhana hiyo ni ya kawaida mno na ndiyo inayowapotezea wanafunzi fedha nyingi kuliko kosa lolote jingine.

Kapsuli haihimili shinikizo, wala haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Shinikizo linahimiliwa na chombo cha aloi ya nikeli kilichoizunguka. Kapsuli yenyewe inatakiwa iwe laini, ili maji ya nje yakiisukuma ijikunje mpaka ikamatane na sampuli, na kilichomo ndani kipate kusikia megapaskali 100 zilezile zilizoko nje. Ndiyo maana kapsuli iliyofaulu hutoka ikiwa imebonyea na kukunjamana kama ganda la ukwaju lililokauka, na ile inayotoka ikiwa nzuri na ya mviringo kama ilivyoingia inapaswa kukutia shaka. Ukuta ukiwa mnene na mgumu sana, sehemu ya shinikizo hubebwa na metali, na sampuli yako inaishi katika shinikizo usilolijua. Katika nyuzi 800 tatizo hilo hupungua kwa kuwa metali nyingi zimelainika, lakini halijawahi kuwa sababu ya kuchagua ukuta mnene.

Kazi halisi ya kapsuli ni kutunza hesabu. Uliweka miligramu 50 za unga, 4 za maji na kiasi cha kaboni dayoksaidi kinachotoka katika oksalati, na unataka vitu hivyo, vyote na hivyo tu, viwepo pamoja mpaka mwisho wa siku 5. Wazo hili ni la zamani. James Hall wa Edinburgh alitaka kuthibitisha kwamba mawe ya chokaa yakipashwa moto chini ya mgandamizo hayageuki kuwa chokaa ya kupakia ukuta, kwa sababu hewa iliyomo haina pa kutokea. Rafiki yake James Hutton, ambaye nadharia yake ndiyo iliyokuwa ikitetewa, hakupendezwa na majaribio ya namna hiyo, na Hall akasubiri mpaka Hutton alipofariki mwaka 1797. Kisha akafungia unga wa chokaa ndani ya mitutu ya bunduki na kuupasha moto mkali. Mitutu kadhaa ilipasuka, mingine ikavuja, lakini ile iliyoshika ilimpa kitu kilichofanana na marumaru, na mwaka 1812 matokeo hayo yakachapishwa. Ukiutazama mtutu ule utaona kwamba ulifanya kazi mbili kwa pamoja, yaani kubeba shinikizo na kufungia sampuli. Sisi tumezitenganisha kazi hizo: chombo kinabeba, kapsuli inafungia. Mwenzako aliyekupa ukuta mnene anazirudisha pamoja bila kujua.

Mlima wako nao una sehemu katika historia hii. Mwaka 1960 Peter Wyllie na Frank Tuttle walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa kapsuli ndogo zilizofungwa, yakionyesha kwamba kaboneti ya kalisi ikiwa pamoja na maji inaweza kuyeyuka katika joto la nyuzi 650 hivi, wakati wajuzi wengi walikuwa wakisema kwamba magma ya kaboneti haiwezekani kwa sababu ingehitaji joto kubwa mno. Mwaka huohuo wa 1960 wanajiolojia walishuhudia Oldoinyo Lengai ukitoa lava ya kaboneti ya sodiamu, na maelezo yake yakachapishwa na J. B. Dawson mwaka 1962. Baadaye joto la lava hiyo lilipimwa juu ya mlima wenyewe na kukutwa kati ya nyuzi 491 na 544. Kapsuli na kreta zilisema jambo moja. Nakukumbusha haya kwa sababu matokeo ya Wyllie na Tuttle yangekuwa bure kabisa kama maji yangewatoroka bila wao kujua, kwa kuwa kiwango cha kuyeyuka kinashuka kwa sababu ya maji hayohayo.

Sasa tuzichukue kapsuli zako kwa makundi, maana hazikuharibika kwa sababu moja.

Zile 3 zilizopungua uzito kabla ya jaribio ziliharibiwa na joto la kuchomelea, au na mshono wenye tundu, au na yote mawili. Dhahabu huyeyuka katika nyuzi 1064, na ni metali inayopitisha joto upesi sana. Unapoyeyusha ncha ya juu, maji yaliyoko sentimita moja na nusu chini yake yanahitaji kufika nyuzi 100 tu ili yachemke, na mvuke utatokea palepale unapojaribu kupaziba. Oksalati ya fedha nayo huanza kuvunjika kwa nguvu katika nyuzi 140 hivi, kwa hiyo hata kaboni dayoksaidi yako inaweza kuwa imeondoka katika sekunde hizo. Dawa yake ni kulizuia joto lisishuke chini. Kapsuli isimamishwe ndani ya kipande cha shaba kilichopozwa, au izungushiwe karatasi laini iliyoloa maji ya barafu, ikiacha milimita 2 au 3 tu nje. Maabara nyingi hutumia nitrojeni ya kimiminika kuyagandisha maji ya ndani kabla ya kuchomelea. Njia hiyo ni bora, mradi chumba kipitishe hewa vizuri, kwa sababu nitrojeni inayochemka huifukuza oksijeni bila harufu wala dalili, na mtu huanguka kabla hajatambua kwamba anakosa pumzi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo halimo katika swali lako, lakini ningeweka dau kwamba lipo mezani pako: unga kwenye ukingo. Chembe moja ya majivu ikibaki mdomoni mwa kapsuli wakati unaubana kwa koleo, dhahabu iliyoyeyuka haitaungana juu yake, nawe utabaki na tundu ambalo hata hadubini ya kawaida hailioni. Tumia faneli ndogo ya karatasi, usijaze kupita theluthi mbili ya urefu, kisha futa ukingo wa ndani kwa pamba iliyoloweshwa alkoholi kidogo na uache ukauke kabla ya kuweka kipimo cha mwisho cha uzito. Usikubali pia kishawishi cha kulehemu. Kulehemu ni kuunganisha kwa metali nyingine inayoyeyuka upesi zaidi, na lehemu ya sonara ina viungo ambavyo vitayeyuka mapema na kuingia katika sampuli yako. Kuchomelea ni dhahabu kuungana na dhahabu yenyewe, bila kitu cha tatu.

Kwa masonara kuna desturi moja ambayo ningependa uichukue. Sonara akishaivuta au kuigonga dhahabu huipasha moto mpaka iwe nyekundu ili irudishe ulaini wake, kwa sababu anajua kwamba metali iliyofanyiwa kazi hukakamaa na kupasuka kwenye mikunjo. Bomba unalonunua kutoka kiwandani limevutwa, nalo limekakamaa vivyo hivyo. Kata vipande vyako, vioshe kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa na kisha kwa maji safi, halafu vipashe katika tanuri kwa muda mfupi katika nyuzi 700 au 800 kabla ya kuvitumia. Nimeona wanafunzi waliopunguza hasara yao kwa nusu kwa hatua hii peke yake, na haigharimu chochote.

Kapsuli iliyovimba na kupasuka ina hadithi nyingine. Nakisia kwamba tanuri lilianza kupanda joto kabla chombo hakijafikishwa kwenye shinikizo, au kwamba shinikizo lilishuka wakati kapsuli ingali moto. Tufanye hesabu kwa maji peke yake. Kapsuli yako ikiwa na nafasi tupu ya milimita 80 za ujazo, miligramu 4 za maji katika nyuzi 400 zitakuwa mvuke wenye shinikizo la takriban megapaskali 12, ambalo ni zaidi ya mara 100 ya hewa tunayovuta, na hapo bado hatujaiongeza kaboni dayoksaidi. Ukuta laini wa dhahabu wenye unene wa milimita 0.2 hauwezi kulizuia hilo. Nje kukiwa na megapaskali 100, mvuke ule hauna nguvu yoyote, kwa sababu kapsuli inabanwa badala ya kusukumwa. Nje kusipokuwa na kitu, kapsuli inavimba kama mto, na mshono ndio unaotangulia kuachia. Kwa hiyo fikisha sehemu kubwa ya shinikizo kwanza, ndipo uwashe tanuri, ukilirekebisha shinikizo kadiri joto linavyopanda. Mwishoni poza kapsuli ikiwa bado chini ya shinikizo, na usifungue vali mpaka chombo kiwe cha kushikika kwa mkono. Punguza pia nafasi tupu kwa kubana vizuri sehemu ya juu ya bomba isiyo na unga kabla ya kuifunga.

Ile iliyoongezeka uzito kwa miligramu 0.6 haikuonewa na mizani. Shinikizo lenu ni la maji, na tundu lolote dogo huwa njia ya kuingilia vilevile kama ni njia ya kutokea, kwa hiyo sehemu ya maji ya chombo iliingia humo. Kama maabara yenu ingetumia gesi ya agoni, ungekuta viputo vya agoni ndani ya kioo. Kuongezeka uzito ni ushahidi wa kuvuja ulio wazi kuliko hata kupungua, lakini wanafunzi wengi huupuuza kwa sababu wamezoea kufikiri kwamba kinachovuja lazima kipungue.

Hapa nalijibu lile swali la hali kavu, nami najua jibu litakuuma: hapana. Kapsuli iliyopungua miligramu 1.6 haikukauka. Oksalati yako ya miligramu 7 inatoa takriban miligramu 2 za kaboni dayoksaidi, na maji ni miligramu 4, kwa hiyo hujui kama miligramu 1.6 zilizopotea ni karibu nusu ya maji, au ni sehemu kubwa ya kaboni dayoksaidi, au ni mchanganyiko wa vyote viwili. Hujui pia kama tundu liliendelea kuvuja ndani ya chombo, saa ya kwanza au siku ya nne, kutoka ndani kwenda nje au kinyume chake. Fuwele utakazoziona zilianza kukua katika mchanganyiko mmoja na zikamalizia katika mwingine. Ukitaka majaribio makavu, yaandae kwa unga uliokaushwa bila kuongeza maji. Usiyaokote kutoka katika makosa. Ziandike kapsuli hizo tatu katika daftari lako pamoja na sababu ya kuzikataa, kisha uzirudishe dhahabu zake kwa kusafishwa. Dhahabu iliyotumika haipotezi thamani, na msambazaji wa bomba mara nyingi huipokea kwa kupunguza bei ya bomba jipya, jambo linalosaidia kidogo katika suala la fedha ulilolitaja.

Sasa platinamu, na hapa nitakwenda polepole kwa sababu ndipo penye sayansi yenyewe.

Kapsuli yako ya platinamu haikubadilika uzito, ukahitimisha kwamba ilikuwa imefungwa kikamilifu. Ilikuwa imefungwa kwa maji, kwa kaboni dayoksaidi na kwa magma. Haikuwa imefungwa kwa haidrojeni. Molekuli ya haidrojeni huvunjika kwenye uso wa metali, atomu zake zikapita ndani ya metali yenyewe na kuungana tena upande wa pili, na katika nyuzi 800 platinamu huzipitisha upesi sana. Paladiamu huzipitisha upesi zaidi. Dhahabu huzipitisha polepole zaidi, lakini kwa siku 5 katika joto hilo usiitegemee ikuzuie. Tena mizani haitakuambia: katika kila gramu 18 za maji, haidrojeni ni gramu 2 tu, na kiasi kinachopita ni sehemu ndogo ya hizo.

Yaliyomo ndani hubadilika hivi. Maji yaliyo moto yamo katika msawazo wa kudumu na haidrojeni na oksijeni zinazotokana na kuvunjika kwake. Haidrojeni ikitoka nje ya kapsuli, maji zaidi huvunjika ili kuifidia, na oksijeni inayobaki nyuma hushikwa na chuma cha magma, ambacho hutoka katika hali ya elektroni mbili pungufu kwenda tatu. Madini ya magnetiti huongezeka, yale ya piroksini hubadilika, na rangi ya kioo hubadilika nayo. Haidrojeni ikiingia kutoka nje, mambo huenda kinyume. Kwa maneno mengine, hali ya oksijeni ndani ya kapsuli yako inaamuliwa kwa sehemu kubwa na kilichoko nje yake. Bahati yako ni kwamba chombo cha aloi ya nikeli kinachotumia maji huelekea kukaa karibu na hali inayolingana na nikeli na oksidi yake kuwepo pamoja, ambayo si mbali sana na hali ya magma nyingi za asili. Lakini kuelekea si sawa na kuhakikisha.

Mwanajiokemia Hans Eugster aliligeuza tatizo hili kuwa kifaa, na makala yake ya mwaka 1957 bado inafaa kusomwa na kila anayefunga kapsuli. Badala ya kupambana na haidrojeni, aliweka kapsuli ya ndani inayoipitisha kwa urahisi, akaizungushia kapsuli ya nje ya dhahabu yenye maji na unga wa bafa, yaani mchanganyiko unaoishikilia oksijeni katika kiwango kimoja, kwa mfano nikeli pamoja na oksidi ya nikeli. Bafa inaamua oksijeni ya kapsuli ya nje, maji yanaamua haidrojeni inayolingana nayo, na haidrojeni hiyo inapenya mpaka iwe sawa pande zote mbili. Mwisho wa jaribio unaifungua ya nje na kuangalia: nikeli na oksidi yake zote mbili zipo, na maji yapo? Kimoja kikiwa kimekwisha, bafa iliishiwa nguvu njiani, na jaribio halina kauli.

Kosa linalofanywa hata na watu wazima katika kazi hii ni kudhani kwamba oksijeni ya ndani ni sawa na ya bafa. Kilicho sawa ni haidrojeni. Oksijeni itakuwa sawa pale tu ambapo kiowevu cha ndani ni maji matupu, na chako sicho. Umeanza na maji na kaboni dayoksaidi kwa uwiano unaofanya maji kuwa takriban 0.83 ya molekuli za kiowevu, na kwa kuwa maji kwa kawaida huyeyuka ndani ya magma zaidi kuliko kaboni dayoksaidi, kiowevu kinachobaki huwa na maji machache zaidi. Tuseme nguvu ya maji (aktiviti, ambayo kwa maji matupu ni 1) imeshuka hadi 0.5. Logi ya oksijeni ya ndani itakuwa chini ya ile ya bafa kwa mara mbili ya logi ya 0.5, yaani takriban 0.6. Kwa mtu anayechunguza magnetiti na piroksini, tofauti hiyo inaonekana. Ihesabu kwa kila jaribio na uiandike katika jedwali.

Nayo kasoro ya chuma katika kioo cha kapsuli ile ina maelezo mepesi: platinamu hula chuma. Chuma kilichomo katika magma huacha oksijeni yake na kuingia katika metali, ambapo kinaungana na platinamu kuwa aloi, na kadiri hali inavyokuwa na oksijeni kidogo na joto linavyokuwa kubwa, ndivyo inavyokula zaidi. Ukitaka kuthibitisha, usiitupe kapsuli ile. Ikate pamoja na sampuli, ing'arishe, na upime chuma kwa mashine ya miale ya elektroni kwa mstari unaotoka ukingo wa ndani kuelekea nje. Nategemea utakuta chuma kingi ukingoni, kikipungua kadiri unavyoingia katika ukuta. Na ukuta mnene unazidisha shida hii badala ya kuipunguza, kwa kuwa metali iliyo nyingi ina nafasi nyingi ya kuhifadhi chuma ulichokihitaji katika magma.

Kwa hiyo, kwa majaribio yako ya nyuzi 800, baki na dhahabu. Inakula chuma kidogo sana, ni laini, inachomeleka kwa moto mdogo kuliko platinamu, na kwa joto lako uko zaidi ya nyuzi 250 chini ya kiwango chake cha kuyeyuka. Metali ya fedha inayobaki baada ya oksalati kuvunjika itaungana na dhahabu na kukishusha kiwango hicho kidogo, bila hatari yoyote kwako. Siku utakapotaka kupanda juu ya nyuzi 1000, aloi ya dhahabu na paladiamu ndiyo itakayokufaa zaidi kwa sampuli yenye chuma, ingawa ni ghali na inataka mkono uliozoea. Aloi ya fedha na paladiamu ni nzuri kwa kapsuli ya ndani ya Eugster, kwa sababu inapitisha haidrojeni upesi. Platinamu iwekee sampuli zisizo na chuma, au iwe na kikombe cha grafiti ndani yake, ukikubali kwamba grafiti nayo itaamua hali ya oksijeni kwa namna yake. Sioni sababu ya wewe kutumia fedha zako huko sasa.

Kuhusu majivu yenyewe, tahadhari moja inayohusu mlima ule hasa. Lava ya kaboneti ya Lengai hutoka nyeusi, na ndani ya siku chache hugeuka nyeupe kwa sababu madini yake, nyerereiti na gregoriiti, huvuta unyevu wa hewa na kubadilika. Majivu ya mwaka 2007 yalichanganyika kwa kiasi fulani na mabaki ya kaboneti, kwa hiyo unga wako unaweza kuwa na maji ambayo hukuyaweka. Ukaushe katika nyuzi 110 usiku kucha, uhifadhi pamoja na kikausho, na uupime upesi. Ukiuacha mezani wakati wa chakula cha mchana, zile miligramu 4 za maji ulizoandika zinakuwa za kukisia.

Utaratibu wa kupima uzito ufuate hivi kwa kila kapsuli: bomba tupu, bomba na kila kilichoongezwa kimoja kimoja, kapsuli kabla ya mshono wa mwisho na baada yake, kisha baada ya saa kadhaa katika oveni ya nyuzi 110. Usiizidishe oveni hiyo, kwa sababu ya oksalati. Kwa mizani inayosoma miligramu 0.01, nakubali tofauti ya miligramu 0.05 na si zaidi. Baada ya jaribio ipime tena, itoboe kwa sindano ukiwa umevaa miwani ya kinga, kwa kuwa gesi iliyobaki inaweza kutoka kwa kishindo, kisha ipime mara baada ya kuitoboa na mara nyingine baada ya kuikausha. Upungufu wa kwanza ni kaboni dayoksaidi iliyokuwa huru, na wa pili ni maji yaliyokuwa huru. Vipimo hivyo viwili ndivyo vitakavyokuambia kiowevu kilikuwa cha namna gani mwishoni, na ndivyo vitakavyoingia katika ile hesabu ya logi.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kuchomelea hujifunzwa kwa kusimama kando ya mtu anayejua, na fundi wa maabara yenu akikupa asubuhi mbili utaokoa miezi miwili. Anza kwa vipande vitupu vyenye maji peke yake, mpaka 10 mfululizo vipite oveni bila kupoteza uzito. Oksalati ya fedha usiitengeneze wala kuisaga peke yako bila msimamizi, kwa sababu ikigongwa au kupashwa ghafla inaweza kulipuka. Na kuhusu ile kapsuli iliyopasuka, tafadhali mwone msimamizi wa vyombo kabla hujaanza jaribio jingine lolote. Mwombe akuonyeshe kumbukumbu za saa ambazo chombo hicho kimetumika katika nyuzi 800, aangalie kama kimetanuka au kina ufa, na akague kipimajoto na kipimashinikizo mbele yako. Ikiwa shinikizo lilishuka lenyewe usiku ule, tatizo halikuwa katika kapsuli yako hata kidogo, na kifaa hicho hakifai kuwashwa tena mtu akiwa chumbani.